Bomba Tupu Hunyonya: Hotuba kwa Wakazi wa Mtaa Wetu

Hotuba hii niliitoa Jumapili alasiri kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa wetu, hapa Kimara, Dar es Salaam, katika uwanja wa shule. Waliokuwa kazini, waliokuwa safarini na waliokuwa wanauguza wameomba niiandike. Nimeiandika kama nilivyoisema.

Mheshimiwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wajumbe, shehe wetu, mchungaji wetu, wazee wangu shikamooni, akina mama wenzangu, vijana wetu hamjambo. Itifaki imezingatiwa.

Kabla sijasema lolote, wale mliokuja na chupa za maji, naomba mzinyanyue juu. Nyanyueni, nizione. Asanteni. Niliomba kupitia mabalozi kwamba kila nyumba ilete maji yale yale wanayokunywa watoto, yasiwe ya kuonyesha wageni. Sasa tazameni wenyewe. Chupa zaidi ya arobaini, na zote zinang'aa. Ukimuuliza mtoto yapi ni machafu hapa, atakujibu nini? Atasema hakuna. Na wewe mtu mzima utajibu nini? Utasema hakuna.

Mimi nimepima maji kwa miaka 27. Nilianza kwa kuosha chupa za maabara, nikaishia kusaini majibu. Nawaambia kitu kimoja ambacho miaka yote hiyo imenifundisha: jicho halipimi maji. Ulimi haupimi maji. Jicho linaona tope, ulimi unaonja chumvi, basi. Kinachoua mtoto hakina rangi, hakina ladha.

Niwape kisa, na kisa hiki kimeandikwa. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia London, mtaa wa Soho, na watu zaidi ya mia sita wakafa. Daktari mmoja, John Snow, alishuku kisima cha pampu kilichokuwa Broad Street. Wenzake hawakumwamini, maana maji ya kisima kile yalisifika. Yalikuwa maangavu, yalikuwa na ladha nzuri. Sasa, mbali na pale, huko Hampstead, aliishi mama mmoja mjane. Zamani aliwahi kukaa Broad Street, na alipohama moyo wake ulibaki kwenye maji yale. Hakupenda mengine. Kila siku gari la kukokotwa lilimpelekea chupa. Alhamisi ya tarehe 31 Agosti akaletewa, akanywa. Jumamosi akafariki. Binti wa ndugu yake alikuja kumtembelea, akanywa, akarudi kwao Islington, naye akafa. Hampstead hapakuwa na mgonjwa mwingine wa kipindupindu. Hakuna. Ni chupa ile tu.

Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu ukang'olewa. Baadaye walipochimba wakakuta karo la nyumba ya jirani limebomoka, umbali haufiki hata mita moja kutoka kisimani. Mama yule aliagiza mauti yake kila siku kwa gari, kwa sababu ulimi wake ulimwambia maji ni matamu. Ndugu zangu, ni wangapi hapa tumechagua kisima kwa sababu hakina chumvi, tukasahau kuuliza choo kiko wapi?

Sasa twende kwenye maji yetu. Maji ya huku kwetu yanatoka mto Ruvu. Mto huo unashuka kutoka milima ya Uluguru kule Morogoro, unapita mashambani, unapita kwenye mifugo, unapita vijijini, unafika Mlandizi ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Pale ndipo ulipo mtambo wa Ruvu Juu, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Mwenzake, Ruvu Chini, uko upande wa Bagamoyo, lita milioni 270. Mtamboni maji yanatiwa dawa ya kukusanya tope, ile kazi ambayo bibi zetu waliifanya kwa shabu ndani ya mtungi. Tope linashikana, linatuama. Maji yanapita kwenye mchanga, yanachujwa. Mwisho yanatiwa klorini, yanasukumwa kuja huku.

Hiyo klorini naomba muielewe, kwa sababu ndiyo inayotukanwa kuliko vyote. Klorini ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuua vimelea pale mtamboni. Ya pili ni kuyasindikiza maji njiani. Klorini ni mlinzi aliyepanda gari moja na mzigo. Akikutana na mchafu njiani anapigana naye, na kila akipigana anapungua nguvu. Shirika la Afya Duniani linasema maji yanapomfikia mtumiaji yasiwe na klorini chini ya miligramu 0.2 kwa lita. Mkiona 0.2 au 0.5, mlinzi bado yuko macho. Mkiona sifuri, mlinzi ameuawa njiani, na hamjui ni nani aliyemuua.

Kwa hiyo mama anayesema "maji haya yananuka dawa, siyataki", halafu akamwaga na kwenda kuchota kisimani, namwomba anisikilize. Harufu ile nyepesi ni mlinzi anapiga hodi. Yaache kwenye jagi lililofunikwa, harufu itapungua. Usiyamwage.

Nimesema mlinzi anauawa njiani. Anauawaje? Hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa naomba hata wale walio nyuma kwenye mwarobaini wasogee.

Bomba lenye maji yenye presha ni salama hata likiwa na tundu. Mnajua kwa nini? Kwa sababu maji yanatoka nje kwa nguvu, uchafu haupati njia ya kuingia. Tundu linatupotezea maji, linatuongezea gharama, ila halitutilii sumu. Sasa kata maji. Leo mgao ni wetu. Watu wa bondeni bado wanafungua koki, maji yaliyobaki bombani yanashuka kwao, na sisi wa mlimani bomba letu linabaki tupu. Bomba tupu halikai tu. Bomba tupu linanyonya. Lile tundu lililokuwa linatema, sasa linameza. Na linameza nini? Linameza kilichopo pale lilipo. Kama lipo kwenye mchanga mkavu, linameza hewa. Kama lipo kwenye mtaro, linameza mtaro.

Nilishaliona kwa macho yangu. Ilikuwa masika, mtaa mwingine kabisa, watoto wanaharisha nyumba hadi nyumba. Tulipima maji ya bomba kubwa, mazuri. Tulipima bombani kwa watu, vimelea vya kinyesi vimo. Maji ya kunywa hayaruhusiwi kuwa na hata kimelea kimoja cha aina hiyo katika mililita 100. Tukaamua kuufuata mpira wa maji wenyewe kwa miguu, mimi na fundi bomba mmoja mtu mzima. Tukakuta mipira myeusi ya nusu inchi, sita, saba, imelazwa ndani ya mtaro kama nyoka, kila nyumba imejivutia wake. Mmoja ulikuwa umekatika, ukaungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ukazungushwa na kufungwa kwa waya. Pale kwenye kiungo maji yalikuwa yanarusha manyunyu membamba. Mtaroni maji ya rangi ya kijivu, na juu ya mtaro, ukutani, bomba la choo lililotoboa ukuta. Mnajua lile bomba. Lile la kutapishia choo mvua ikinyesha.

Fundi akaniambia, "Mama, chutama hapa usikilize." Akaenda kufunga koki kule juu. Yale manyunyu yakanyong'onyea, yakawa matone, matone yakakoma. Kimya kidogo. Halafu nikasikia sauti, kama mtoto anayemalizia juisi kwa mrija. Maji ya mtaro yakawa yanazunguka kwenye kile kiungo, yanaingia ndani. Nimeitazama sauti ile kwa miaka mingi sasa, nasema nimeitazama kwa sababu haijaniondoka machoni. Maji yakifunguliwa kesho yake, nani anayapata yale ya kwanza? Anayeamka mapema kuliko wote. Mama anayejaza ndoo saa kumi alfajiri.

Na wenzangu, tusidanganyane, kuna wanaoifanya kazi hiyo ya kunyonya kwa makusudi. Mtu anafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Maji yakiwa hafifu anawasha, anavuta. Anajaza tangi lake, sawa. Lakini pampu ile inavuta pia kwenye kila tundu lililopo kati yake na jirani. Anavuta mtaro wa mtaa mzima, anaupeleka kwa majirani na kwake mwenyewe.

Oktoba 2022 mnaikumbuka. Ruvu ilipungua, mgao ukatangazwa Dar es Salaam nzima, tukalala foleni na madumu. Kila mtu alihesabu ndoo. Nilikuwa nauliza, ni nani anayehesabu matundu? Na Agosti 2015 mnaikumbuka zaidi. Kipindupindu kilianzia Kinondoni, hapa hapa jijini, kikasambaa mikoani, kikavuka hadi Zanzibar. Wengine mlioko hapa mlizika.

Sasa leteni zile chupa. Nitachukua tatu tu, na wenyewe wamekubali. Zote ni za nyumba zilizo kwenye bomba moja, zimepakana. Hii ya kwanza imekingwa bombani asubuhi hii. Hii ya pili imetoka kwenye simtanki. Hii ya tatu imetoka kwenye ndoo ya jikoni. Kila moja naipondea kidonge kimoja. Kidonge hiki kikikuta klorini, maji yanageuka waridi. Kisipokuta, yanabaki vile vile. Njooni watoto mkae mbele, nyie ndio mtakaosema.

Ya bombani? Waridi. Imekolea, mnaiona mpaka huko. Ya simtanki? Sema kwa nguvu. Kidogo sana, kama maji yaliyosuuziwa kitambaa chekundu. Ya ndoo? Hakuna. Hakuna kitu. Na yote yalitoka Mlandizi pamoja, yakapita bomba moja, yakafika mtaa mmoja.

Simlaumu mwenye ndoo. Mimi mwenyewe yalinikuta. Mwanangu wa pili akiwa na miaka saba alishikwa na homa ya matumbo, akalazwa siku tisa. Nakaa pembeni ya kitanda najiuliza, mimi ndiye ninayepima maji ya watu, mwanangu amekunywa wapi? Niliporudi nyumbani nilipima bombani, klorini ipo. Nikapanda kwenye tangi. Mfuniko ulikuwa umesukumwa na upepo, sijui tangu lini. Ndani, tope la vidole vinne, laini kama uji, na mjusi amekufa pembeni, amekwisha kuwa mweupe. Tangi lile hatukuwa tumeliosha tangu lilipopandishwa. Miaka mitatu. Jua la Dar es Salaam linalichoma kutwa, na klorini haipendi joto wala kukaa. Mlinzi alifika getini kwangu mzima, nikamuulia nyumbani kwangu.

Kwa hiyo simtanki lioshwe kila baada ya miezi mitatu, lisivuke sita. Limwagwe, lisuguliwe, lisuuzwe kwa maji yenye dawa, na mfuniko ufungwe kwa kamba. Ndoo ya kunywea iwe na koki yake, au iwe dumu lenye mdomo mwembamba, ili mkono usiingie. Kikombe kinachozamishwa ndani ya ndoo kinabeba kila mkono uliokishika siku hiyo. Anayechemsha, maji yakitokota kwa dakika moja yametosha, asiunguze mkaa bure. Yapoe humo humo kwenye sufuria yakiwa yamefunikwa. Asiye na mkaa ajaze chupa safi inayopenyeza mwanga, ailaze juani kwa muda wa saa sita. Siku ya mawingu, siku mbili.

Nasikia mtu anasema, "Basi mimi nachemsha, nimemaliza." Hapana mzee wangu. Hujamaliza.

Moto unaua kilicho hai. Kisichokuwa hai hakifi. Ukichemsha maji ya chumvi unapata nini? Chumvi iliyozidi, kwa sababu mvuke umeondoka na chumvi imebaki. Hivyo hivyo kwa naitreti, ambayo inatoka kwenye mashimo ya vyoo na kuzama hadi kwenye visima vyetu vilivyosongamana. Kiwango chake cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia wa kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Damu yake inashindwa kubeba hewa, midomo inakuwa ya bluu. Na mama yake anayachemsha maji yale vizuri kabisa, kwa upendo wote.

Nendeni Arusha, nendeni Meru. Mlima ule ni wa volkano, na miamba yake imejaa floraidi. Huko mtaona vijana wazuri wanaocheka wakiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno ni ya kahawia. Mtaona watoto miguu imepinda. Walikunywa nini? Maji meupe, baridi, ya mlimani. Kwa miaka mingi kiwango chetu cha floraidi nchini kiliruhusu miligramu 4 kwa lita, kwa sababu kupata maji mengine ilikuwa taabu. Sasa ni 1.5. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kilichokuwa kinafundisha watu kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa sababu mfupa unaikamata floraidi. Hata magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi yanaweza kuongeza mzigo huo. Kuchemsha? Kunaizidisha.

Na kisa cha mwisho kinatoka Marekani, msije mkafikiri haya ni ya maskini tu. Mji wa Flint, jimbo la Michigan, watu kama laki moja. Aprili 2014 viongozi wao, kwa kubana matumizi, waliacha maji waliyokuwa wakinunua Detroit wakaanza kuvuta ya mto wao wenyewe. Maji ya mto ule yalikuwa makali kwa chuma, na hawakuyatia ile dawa inayoweka utando ndani ya bomba. Mabomba mengi ya zamani yalikuwa ya risasi, yale madini mazito. Maji yakayala. Risasi ikaingia kwenye vikombe vya watoto, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto, haurudi. Watu wakalalamika, wakaambiwa maji ni salama. Oktoba mwaka ule ule kiwanda cha magari cha General Motors kikaacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yanakula vipuri vya injini. Fikirini. Chuma kiliokolewa mwaka mzima kabla ya watoto.

Nani aliwaokoa watoto? Mama mmoja, LeeAnne Walters, mwenye watoto wanne, alikataa kuondoka ofisini mikono mitupu. Akaomba msaada Virginia, chuo kikuu, kwa Profesa Marc Edwards, wakapima maji ya nyumbani kwake. Wakati ule, kule kwao hatua zilitakiwa kuchukuliwa risasi ikizidi mikrogramu 15 kwa lita. Kwake kipimo kimoja kilifika 13,200. Daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, akafungua majalada ya hospitali akaonyesha risasi ilivyopanda kwenye damu ya watoto. Oktoba 2015 mji ukarudishwa kwenye maji ya Detroit. Mama, profesa, daktari. Na vichupa vidogo vya kupimia, mamia, ambavyo wakazi wenyewe walivijaza majumbani mwao asubuhi na kuvikusanya.

Ndiyo maana nimewaomba mje na chupa. Mtambo hupimwa, na majibu ya mtamboni ni ya mtamboni. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, kila mwaka hutoa ripoti ya mamlaka zote za maji, na vipimo vya ubora vimo, yeyote anaweza kuisoma. Tuisome. Lakini ripoti haitapanda kwenye tangi lako, wala haitachutama kwenye mtaro wetu. Tukiandika barua kuomba maji yapimwe, tuandike yapimwe wapi: bombani kwa nani, saa ngapi, na siku gani baada ya mgao. Mwenyekiti, nimekuandalia barua hiyo, nafasi ya tarehe nimeiacha wazi.

Namalizia na kazi yenyewe. Jumamosi, saa moja asubuhi, tunakutana kwenye mita ya msikitini. Tunaufuata mtaro kwa miguu hadi darajani, nyumba kwa nyumba. Fundi wetu amekubali kutembea nasi bila malipo. Kila mpira uliolala mtaroni utapakwa rangi nyekundu, na mwenye nyumba hatatozwa wala kusemwa hadharani. Atapewa wiki mbili auinue, na asiye na uwezo tutachangia viungio. Vijana wa bodaboda wameahidi kusomba mchanga. Anayejua ana bomba la kutapishia choo, aje anione mimi leo, peke yangu, kabla ya magharibi. Na yule mwenye ndoo ya jikoni, dada yangu, usiondoke. Nimekuletea ndoo yenye koki.